Sili ya konekta ya katheta inapodanganya: dalili, sababu na marekebisho

Mgonjwa mwenye maambukizi ya mfupa au ya vali za moyo huhitaji antibiotiki za mshipani kwa muda mrefu, mara nyingi wiki 6. Kumchoma kanula mpya kila baada ya siku chache ni kumtesa, kwa hiyo huwekewa katheta, yaani mrija laini mrefu, inayoingilia mkononi na kuishia karibu na moyo. Mdomo wa katheta hiyo unabaki nje, na yeyote mwenye bomba la sindano anaweza kuutumia. Hapa Malindi, mji wenye kliniki ya methadone (dawa wanayopewa waraibu wa heroini) na ambao unga, yaani heroini, haukuingia jana, swali huja lenyewe: tutajuaje kama kuna mtu aliyefungua mdomo ule kati ya zamu moja na nyingine? Wala tusimfikirie mgonjwa peke yake. Kuna jamaa anayekuja kumjulia hali, kuna mtoto mwenye vidole vyepesi, na kuna mhudumu mwenye haraka aliyepitisha dawa bila kuandika.

Kifaa ninachokizungumzia ni kombe la plastiki: magamba mawili yenye bawaba, yanayofumbata maungio ya katheta na konekta (kichwa kidogo kinachopokea bomba la sindano au dripu) kama chaza anavyojifumba, na kufungwa kwa komeo lisilorudi nyuma. Ukilifungua, vidaraja vyembamba vya plastiki vinakatika na haviungiki tena. Vidaraja hivyo ndivyo sili. Kombe halimzuii mtu kufungua. Kazi yake ni kuonyesha kwamba limefunguliwa. Wabunifu wengi huponyokwa na jambo hili. Wanaunda kufuli, halafu usiku mgonjwa akizidiwa, sista anahangaika kutafuta mkasi.

Sili hudanganya kwa namna mbili. Inaweza kudai imeguswa wakati haikuguswa, na inaweza kunyamaza ilhali imeguswa. Wengi huogopa uongo wa pili. Mimi naogopa zaidi ule wa kwanza, kwa sababu wodi ikishazoea kuona sili zinazokatika zenyewe haitazisoma tena, na hapo ule uongo wa pili hupita mchana kweupe. Kwa hiyo tuanze na wa kwanza.

Sili imekatika na hakuna aliyeigusa

Usianze kwa kumhoji mgonjwa. Anza na kipande kilichokatika. Kiweke juu ya karatasi nyeusi, kimulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, kisha ukuze picha kwa simu nyingine. Plastiki haifichi namna ilivyovunjika.

Ukiona weupe kwenye ncha ya kidaraja, na ncha yenyewe imenyumbuka ikawa nyembamba, hiyo ni plastiki ya polipropilini iliyovutwa au kupindwa hadi ikashindwa. Tafuta kilichoivuta. Ukiona mkato bapa unaong'aa, hauna weupe wowote, na jirani yake kuna nyufa nyembamba zinazometa ukigeuza kipande kwenye mwanga, hapo mvuto haukuwa mkubwa; kemikali ndiyo iliyofanya kazi. Na ikiwa mkato umefuata mistari ya tabaka kama mtu aliyechambua kurasa, kombe hilo lilichapwa kwa printa ya 3D likiwa limelazwa vibaya.

Tuanze na mvuto, maana ndio unaoonekana mara nyingi. Vitanda vya wodi za Pwani vina vyandarua, na usiku chandarua huchomekwa chini ya godoro. Kombe lenye sikio linalojitokeza, au lenye ulimi wa kufungulia uliosimama, linanasa kwenye matundu ya chandarua. Mgonjwa anageuka upande wa pili saa nane za usiku, chandarua kinabaki pale pale, kidaraja kinakatika. Yeye hata hakuamka. Asubuhi anaulizwa maswali asiyo na majibu yake. Matamvua ya kikoi hufanya vivyo hivyo, na pindo za leso pia.

Marekebisho yake ni ya umbo. Ondoa kila kinachojitokeza. Pembe za nje ziviringwe, zisiwe na ukali wowote wa kushika uzi. Ulimi wa kufungulia ulale ndani ya kijibonde chake, uwe sawa na uso wa gamba, na kidole kiweze kuuinua kutokea upande mmoja tu. Kisha fanya jaribio ambalo sijaliona kwenye kiwango chochote lakini siwezi kuliacha: tandaza chandarua juu ya meza, burura kombe juu yake pande zote, ukilizungusha. Rudia kwa matamvua ya kikoi. Likinasa hata mara moja, halijawa tayari.

Upande wa wodi nao una sehemu yake. Mrija uachiwe mkunjo wenye ulegevu, na ubandikwe kwenye ngozi kabla haujafika kwenye kombe, ili mvuto wowote uishie kwenye plasta. Hilo linalinda sili, lakini zaidi linaizuia katheta yenyewe isichomoke.

Kama kidaraja bado kinakatika ovyo baada ya hapo, kishawishi ni kukinenepesha. Subiri kwanza. Angalia kinapokutana na gamba. Kona ya pembe kali hukusanya nguvu yote mahali pamoja, na kidaraja hukatikia hapo kabla ya wakati. Viringa kona hiyo kisha upime tena. Pia napendelea vidaraja viwili vya unene wa wastani kuliko vinne vyembamba sana: katika kumimina plastiki kwenye kalibu, sehemu iliyo nyembamba kupita kiasi haijai vizuri kila mara, na utapata makombe mawili ya boksi moja, moja likikatika kwa pumzi na jingine likihitaji koleo.

Sasa kemikali. Konekta hufutwa kwa spiriti kila inapotumika, na spiriti hutiririka hadi kwenye kombe. Polikaboneti na ABS ni plastiki nzuri kwa mambo mengi, lakini zikiwa zimekazwa huku zinalowa alkoholi mara kwa mara, hupasuka polepole. Komeo lililofungwa limekazwa saa 24. Ukikutana na mkato ule unaong'aa, usihangaike na vipimo, badilisha plastiki. Polipropilini huvumilia spiriti, hukunjika kwenye bawaba bila kukatika, na huvumilia mvuke wa otoklevu (mtambo wa kuua vijidudu) wa nyuzi 121, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Ila isipelekwe kwenye mionzi ya gama ya kuua vijidudu bila kuuliza ni aina gani, maana polipropilini ya kawaida ikipigwa gama hukakamaa, na sili iliyokakamaa hukatika kwa kukoholewa.

Joto lina hila yake kwa wanaojaribu maumbo kwa printa. PLA, plastiki inayotumika sana kwenye printa za 3D, huanza kulegea karibu na nyuzi 60. Gari lililoegeshwa juani nje ya soko la Malindi mwezi wa Februari linaweza kufika hapo kwenye dashibodi, na kombe litatoka limepinda, komeo haliumani tena na tundu lake. PLA ni ya kuangalia umbo tu. Na kombe lililochapwa kwa printa halimgusi mgonjwa, hata kama ni zuri vipi: kabla ya hapo kuna tathmini ya usalama wa plastiki kwa mwili chini ya ISO 10993, kuna uchambuzi wa hatari wa ISO 14971, na Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ndiyo inayosajili vifaa tiba.

Sili nzima, lakini mrija una dalili

Muuguzi anakuta kombe halina dosari, ila ndani ya konekta kuna damu. Au kibanio cha mrija kilichoachwa kimefungwa sasa kiko wazi. Mwili unamsisimka, na haki yake.

Damu peke yake haithibitishi kitu. Konekta nyingi zisizotumia sindano huvuta damu kidogo kurudi ndani ya mrija pale bomba la sindano linapochomolewa, kwa namna vali ilivyoundwa. Mgonjwa akikohoa kwa nguvu, au dripu ikiisha ikaachwa ikining'inia, damu hurudi pia. Kwa hiyo kabla ya kulilaumu kombe, jua konekta iliyo chini yake ni ya aina gani, na kama mrija ulifungwa kwa mpangilio sahihi baada ya kusukumwa maji ya chumvi.

Kibanio kilichofunguliwa kina uzito zaidi, na hapo kombe lipimwe kwa ukali. Kosa la kwanza la kutafuta ni mlegeo. Kombe likiwa refu kuliko kinachofunikwa, linateleza kando ya mrija na kuacha maungio wazi huku vidaraja vikiwa salama salimini. Lishike kwa vidole viwili ulivute kuelekea kila upande. Lisogee kidogo tu, na kwa vyovyote maungio yasionekane. Kosa la pili ni bawaba: ikiwa ya pini iliyochomekwa, pini hutoka na kurudi bila sili kujua. Ndiyo maana naona bawaba iwe ya plastiki ileile, iliyomiminwa pamoja na magamba, bila pini. Faida ya ziada ni kwamba hakuna chuma cha kushika kutu.

Kosa la tatu haliko kwenye kombe kabisa. Katheta ina njia mbili, umefunika moja. Au mgonjwa bado ana kanula ya juzi kwenye mkono wa kushoto ambayo hakuna aliyekumbuka kuitoa. Hesabu milango yote kabla ya kubuni kifuniko cha mmoja.

La nne ni kombe kubadilishwa. Lililokatika linatupwa, jipya linavalishwa, hakuna anayejua. Kombe lisilo na nambari haliwezi kujitetea hapa. Nambari ileile ichapwe kwenye magamba yote mawili, ndani ya plastiki na si kwenye karatasi, na iwe kubwa kiasi cha kusomeka kwa mwanga hafifu wa usiku bila kumwamsha mgonjwa. Kisha iandikwe kwenye faili lake.

Kibandiko hakishiki, au kinajitangaza wazi chenyewe

Baadhi ya watu huruka kombe na kutumia vile vibandiko vinavyoacha maandishi vikibanduliwa. Ni rahisi, na ofisini vinafaa. Kwenye katheta, Pwani, vina maadui watatu kwa pamoja: jasho, spiriti na polipropilini. Gundi haipendi polipropilini wala polietilini, kwa hiyo hutoka nzima bila kuacha alama, jambo ambalo ni baya kuliko kukosa kibandiko. Spiriti ikipita juu, hali hugeuka: maandishi hujitokeza bila kuguswa na mtu.

Ikibidi kutumia kibandiko, kizungushwe mpaka kijibandike juu yake chenyewe, spiriti ikauke kwanza, na rola zihifadhiwe kwenye chombo kinachoziba msimu wa masika. Mimi nisingekitegemea.

Wauguzi wanakata kombe kwa mkasi

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote katika makala hii. Mkasi karibu na katheta inayoishia karibu na moyo ni jambo la kukosesha usingizi. Mrija ukikatwa, damu hutoka na hewa inaweza kuvutwa hadi kwenye moyo. Ukisikia hata muuguzi mmoja ametumia mkasi, kusanya makombe yote ya aina hiyo siku hiyo hiyo, kisha utafute sababu.

Karibu kila mara sababu ni moja kati ya hizi. Ulimi ni mdogo mno kwa kidole chenye glavu iliyolowa. Au haujulikani uko wapi, kwa sababu kombe lote ni jeupe. Au nguvu ya kukata vidaraja ilipimwa na fundi mwenye vidole vya fundi, ofisini, mikono mikavu, bila mtu kumpigia kelele.

Pima upya hivi: muuguzi ambaye hajawahi kuliona kombe, glavu zimelowa maji, taa imepunguzwa, umempa neno moja tu, «fungua». Usimsaidie. Angalia vidole vyake vinaenda wapi kwanza, maana hapo ndipo ulimi ulipaswa kuwa. Akigeuza kombe kutafuta mlango, weka rangi kali kwenye ulimi, na kishale. Akivuta kwa meno, basi rudi kwenye vidaraja.

Kuna la kuangalia zaidi katika jaribio hilo. Je, mkono wake unazungusha? Konekta za aina ya Luer zenye hesi hufungwa kwa kuzungushwa. Ikiwa kombe hufunguliwa kwa kusokotwa, muuguzi anaweza kulegeza maungio yenyewe bila kujua, naye akadhani amefungua kifuniko tu. Ulimi uvutwe kukatiza mrija, si kuuzunguka. Nimewaona watu wakitetea kufungua kwa kusokota eti ni mazoea, kama kizibo cha chupa ya maji. Hayo mazoea ndiyo hasa yanayonitia hofu.

Maungio yanavuja au yamelegea baada ya kufunikwa

Kiwango cha ISO 80369-7, kilichotolewa 2016 na kurekebishwa 2021, kinaeleza mteremko wa asilimia 6 wa konekta ya Luer na hesi zake, yaani pale sehemu mbili zinapokutana. Umbo la nje la konekta hakiliamui. Kampuni moja hutengeneza fupi nene, nyingine ndefu nyembamba, na stoo ya hospitali inayopokea vifaa kutoka kwenye ununuzi wa kawaida na kutoka kwa wafadhili itakuwa nazo zote kwenye kabati moja.

Kombe lililobuniwa kwa konekta moja litaibana nyingine. Likibana kutoka ncha zote mbili husukuma maungio yaachane. Likibana ubavuni hupinda mrija na dripu hupungua kasi bila sababu kuonekana. Chukua kalipa, pima kila konekta iliyopo stoo, si iliyopo kwenye katalogi, kisha amua: ama makombe ya saizi mbili zenye rangi tofauti, ama kombe moja lenye mbavu laini ndani zinazojikunja kufuata umbo. Mbavu hizo zishike mwili wa konekta, zisiguse pete inayozunguka.

Na gamba liwe angavu. Muuguzi aone kama kuna uvujaji bila kukata sili ili tu aangalie.

Majimaji ndani, ngozi imechubuka chini

Kombe lisilo na matundu hugeuka tangi dogo la unyevu. Weka vijitundu upande wa chini, vidogo kiasi cha kutopitisha chochote cha maana. Upande unaolala kwenye ngozi uwe bapa na mpana, na kipande cha gozi chini yake.

Wagonjwa wanaorudi visiwani wana jambo la ziada. Anayetoka hospitali ya Lamu kuelekea Faza au Kizingitini anapanda boti, na wakati wa kusi rasharasha haimwachi mtu. Maji ya bahari yakikauka huacha chumvi kwenye bawaba na komeo, na mchanga mwembamba hujipenyeza kwenye tundu la komeo hadi lisifunge sawasawa. Asivikwe kombe na kuachwa hivyo. Mkono ufungwe kwa mfuko usiopitisha maji kabla ya kupanda, na kombe liwe limefungwa kliniki kukiwa na ukavu. Kombe likifungwa likatoa mlio hafifu badala ya mlio wa wazi wa komeo kuingia, litupwe.

Lisemwe pia kwamba kombe si kinga ya vijidudu. Kila linapofunguliwa, konekta husuguliwa kwa spiriti sekunde 15 na kuachwa ikauke, vilevile kama lisingekuwepo.

Sili zinabadilishwa bila kuandikwa

Ukitazama faili ukakuta nambari mbili za kombe ndani ya wiki nzima, na mgonjwa anapewa dawa mara tatu kwa siku, huhitaji kuchunguza plastiki. Hakuna anayeandika. Sababu ya kawaida ni kwamba kuandika ni safari: kombe liko kitandani, faili liko mezani, kalamu iko mfukoni mwa mtu mwingine. Kipande chenye nambari kinachokatika wakati wa kufungua kinaweza kutengenezwa kwa ukubwa wa kubandikwa moja kwa moja kwenye chati ya dawa, pembeni mwa dozi. Hapo kukata sili na kuiandika kunakuwa tendo moja.

Makombe mapya yakae mahali dawa zinazofungiwa zinapokaa, yahesabiwe pamoja nazo zamu zinapokabidhiana.

Na sili ikikutwa imekatika bila maelezo, mpangilio uwe huu: kibanio kifungwe, maungio yakaguliwe kama yamekaza, joto la mwili lipimwe, sehemu ya kuingilia katheta iangaliwe kama ina wekundu au usaha, daktari aambiwe, nambari iandikwe pamoja na saa. Maneno kwa mgonjwa yaje baadaye, na yachaguliwe. Sista mmoja mzoefu nimemsikia akimwambia kijana aliyekuwa ameshaanza kukunja uso: «Kakangu, hiki kidude kimekatika. Sijui ni chandarua, sijui ni nini. Mimi nataka kujua kama mrija wako u salama, basi. Ukisikia baridi au homa, niite hata kama nimelala.» Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaeleza mwenyewe kwamba shemeji yake alikuwa akijaribu kuona kidude hicho kinafungukaje.

Mazungumzo kama hayo huwa mepesi zaidi ikiwa mgonjwa alielezwa tangu siku ya kwanza kombe ni la nini, akalishika mkononi, akaonyeshwa linavyokatika. Tenga makombe kadhaa yasiyo na nambari kwa ajili ya maonyesho hayo tu, ya rangi nyingine kabisa, yasije yakachanganyika na yale ya kazi.